Henry Dyer na chuo cha Tokyo: jibu kwa binti wa Katuba

Swali: Jambo Papa Mwalimu. Ninasoma mwaka wa pili, upande wa umeme, katika chuo kipya cha ufundi hapa Lubumbashi. Profesa wetu alituambia kwamba kulikuwa na Mskoti, Henry Dyer, aliyepewa kuongoza chuo kipya cha mainjinia kule Japani akiwa na miaka 24 tu, na kwamba wanafunzi wake ndio walioijenga Japani. Darasani tulicheka, hatukuamini. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, alifanya nini ambacho sisi hatufanyi? Chuo chetu kina ubao, chaki na walimu wazuri, lakini atelie yake, yaani karakana, bado ni chumba kitupu. (Msomaji wa Katuba)

Jambo sana, binti yangu, na aksanti kwa barua yako. Profesa wenu hakuwadanganya. Henry Dyer alizaliwa mwezi Agosti 1848 huko Bellshill, mji mdogo jirani na Glasgow, Uskoti, na aliteremka melini Japani mwezi Juni 1873. Piga hesabu mwenyewe, utaona hajafikisha 25. Chuo alichoitwa kukiongoza kilikuwa bado hakijaanza kufundisha.

Mlipocheka, mlicheka umri. Umri uweke kando kidogo. Mimi nimefundisha mainjinia hapa mjini miaka mingi, na kila ninapokirudia kisa cha mtu huyu, kinachonigusa ni jambo jingine: alijua namna ya kuupanga mwaka wa mwanafunzi. Huko ndiko nitakakokupeleka, lakini lazima tupitie kwanza utoto wake, maana mpango ule hakuutoa kitabuni.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. Henry naye, akiwa kijana, aliwekwa kwenye karakana moja ya Glasgow ajifunze kazi ya mashine kwa miaka kadhaa, kama vile huku kwetu mtoto anavyowekwa kwa fundi. Mchana tupa mkononi. Jioni ananawa mafuta na kwenda madarasa ya usiku katika Chuo cha Anderson. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1796 kwa wosia wa profesa John Anderson, aliyetaka elimu ya manufaa iwafikie watu wa kazi, na tangu mwanzo wanawake waliruhusiwa kuhudhuria. Baadaye Dyer aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow akafundishwa na William Rankine, mmoja wa watu walioiingiza injini ya mvuke kwenye hesabu. Rankine alikuwa na shauri moja alilolishikilia: nadharia na vitendo vipatane. Wakati ule Uingereza injinia alijivunia kwamba kazi ameijulia karakanani, na mwenye vitabu alimwona kama mtu wa kuchezea namba. Ufaransa na Uswisi zilikuwa na shule kubwa za hesabu na michoro, lakini huko nako kijana aliweza kumaliza bila kushika nyundo. Dyer alikuwa amepita njia zote mbili kwa miguu yake mwenyewe.

Katika madarasa yale yale ya usiku alikuwemo kijana wa Kijapani, Yamao Yozo. Huyu ni mmoja wa vijana watano wa jimbo la Choshu waliotoroka Japani mwaka 1863, wakati kutoka nchini bila ruhusa kulikuwa kosa la kuuawa. Alifika Glasgow, akafanya kazi kwenye kiwanda cha Napier cha kuunda meli, kando ya mto Clyde, na usiku akasoma kwa Anderson. Yeye na Dyer walisoma chuo kimoja bila kujuana. Walikuja kujuana Tokyo, mmoja akiwa mkubwa serikalini, mwenzake akiwa mkuu wa chuo. Mimi napenda sana sehemu hii. Chuo cha Tokyo kilikuja kushikwa na watu wawili waliokuwa wamechoka pamoja usiku, kila mmoja kwenye benchi lake.

Yamao aliporudi kwao, utawala wa mfalme Meiji ulikuwa umeanza. Mwaka 1870 iliundwa wizara ya kazi za umma, na yeye akashika nafasi kubwa ndani yake. Reli, telegrafu, minara ya taa za pwani, migodi na viwanda vya serikali, vyote viliwekwa chini ya wizara hiyo. Waliokuwa wakiviongoza ni wageni, wengi wao Waingereza, kwa mishahara iliyoitafuna hazina. Yamao akadai chuo. Wenzake wakamuuliza: mainjinia wa nini, na nchi haina viwanda? Jibu lake linakumbukwa Japani hadi leo: hata kama sasa viwanda havipo, tengeneza watu, na watu hao watavitafuta viwanda. Nimelirudia jibu hilo mbele ya wazazi wengi waliokuja kuniuliza kama mtoto wao asome umeme au sheria.

Mwaka 1872 ujumbe mkubwa wa Japani, chini ya Iwakura, ulifika Uingereza. Ndani yake alikuwemo Ito Hirobumi, naye ni mmoja wa wale watano. Ombi la kutafutiwa walimu likapita mkono kwa mkono hadi kwa Rankine, na Rankine akamtaja mwanafunzi wake. Mkesha wa Krismasi mwaka huohuo Rankine akafariki. Hakuiona kazi ya kijana aliyempendekeza.

Njiani, melini, Dyer aliandika utaratibu mzima wa masomo. Alikuwa amechunguza shule za Ulaya, ile ya Zurich ikiwa mojawapo. Alipofika alimkabidhi Yamao karatasi zile, na Yamao akazikubali kama zilivyo.

Sasa uangalie mpango wenyewe, maana ndio jibu la swali lako la pili. Masomo yalikuwa ya miaka 6. Miaka 2 ya kwanza ni matayarisho: hesabu, fizikia, kemia, uchoraji, na Kiingereza, kwa kuwa walimu walifundisha kwa lugha hiyo. Miaka 2 ya katikati ni ufundi wenyewe, kila mtu na tawi lake: ujenzi, mashine, telegrafu, usanifu wa majengo, kemia, migodi, uyeyushaji wa madini. Katika miaka hiyo ya katikati mwanafunzi alikaa chuoni miezi 6, kisha akaenda kazini miezi 6, akarudi, akaenda tena. Miaka 2 ya mwisho ilikuwa kazi tupu, chini ya macho ya walimu. Ukijumlisha, nusu ya miaka yake sita kijana alikuwa nje ya darasa.

Kwetu kazi ya namna hiyo tunaiita staji. Unajua inavyokwenda: inawekwa mwishoni, wiki chache, mwanafunzi anapewa kofia ya plastiki, anatembezwa, anaandika ripoti kwa kunakili ya mwenzake wa mwaka uliopita. Dyer hakuiweka mwishoni. Aliisuka katikati ya masomo, kama uzi wa pili wa mkeka. Na sababu yake naijua kwa mwili wangu.

Nilipotoka chuoni, na diploma yangu safi, kampuni moja ilinipeleka kwenye karakana yake. Siku ya tatu mkuu wa karakana akaniambia nisimamie kazi ya kukereza ekseli ya pampu. Ekseli ilikuwa imefungwa kwenye taya za mashine na ilicheza inapozunguka. Nilijua fomula ya nguvu inayozaliwa na uzito uliokaa upande. Niliiandika hata pembeni ya mchoro. Nilichokuwa sijui ni upande gani ulikuwa umekwenda nje. Mzee mmoja, fundi wa Katuba kama wewe, alichukua kipande cha chaki, akaegemeza mkono wake kwenye chuma, akaisogeza chaki polepole karibu na ekseli iliyokuwa ikizunguka taratibu. Chaki ikagusa upande mmoja tu, ikaacha alama nyeupe fupi. Akazima mashine. Akagonga pale penye alama kwa nyundo ya mbao, mara mbili. Akawasha tena, safari hii chaki ikachora pete nzima. Hakusema neno. Nilisimama pale nikaelewa kwamba fomula yangu na chaki yake ni kitu kimoja, na kwamba mtu hakuwahi kunikutanisha nazo siku moja. Kama ningekuwa nimeiona chaki ile mwaka wa tatu, ningerudi darasani mwaka wa nne na maswali mengine kabisa. Hilo ndilo Dyer alilolitaka: mwanafunzi arudi darasani akiwa na maswali ya karakanani.

Kuhusu chumba chenu kitupu, nitakuambia ukweli wote. Chuo cha Tokyo hakikuwa maskini. Serikali ilitoa fedha, ikaleta walimu wazuri, ikajenga pale Toranomon majengo ya fahari ambayo mfalme Meiji mwenyewe alikuja kuyafungua mwaka 1878. Maabara ya umeme ya profesa William Ayrton ilikuwa ya kupigiwa mfano hata ukilinganisha na za Ulaya. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba Dyer alifundisha kwa chaki tu. Lakini sehemu kubwa ya karakana zake hazikuwa ndani ya ukuta wa chuo. Karakana ya Akabane, iliyounda mashine, ilikuwa ya wizara ileile iliyokuwa na chuo. Reli ilikuwa ya wizara ileile. Migodi, telegrafu, vivyo hivyo. Mkuu wa chuo hakupiga magoti kuomba nafasi ya staji. Mwanafunzi wa migodi alikwenda mgodini kama mtu anayehama chumba ndani ya nyumba ya baba yake. Wale waliosomeshwa kwa fedha za serikali walifungwa na mkataba wa kuitumikia miaka 7 baada ya kumaliza. Mzigo mzito, ndiyo, lakini uligeuka kuwa uhakika wa kazi.

Wewe ni mtu wa umeme, kwa hiyo nikae kidogo kwa Ayrton. Tarehe 25 Machi 1878, Tokyo ilisherehekea kufunguliwa kwa ofisi kuu ya telegrafu, na karamu ikafanyika katika ukumbi wa chuo. Ayrton na wanafunzi wake walitundika taa ya tao. Taa hiyo ni vijiti viwili vya kaboni vilivyoelekezana ncha kwa ncha. Vikiachana kidogo, umeme unaruka katikati na kutoa mwanga mkali, mwako uleule unaouona kwa wachomeleaji wa milango ya chuma pale sokoni Kenya, mtaa wa hapa kwetu Lubumbashi, wanaokukataza usiutazame. Hapakuwa na mtambo wa kuzalisha umeme, walitumia betri. Taa ikawaka kwa muda mfupi, ukumbi mzima ukawa mweupe. Mpaka leo Wajapani wanaiita tarehe 25 Machi siku ya umeme. Mmoja wa wanafunzi wa Ayrton, Fujioka Ichisuke, baadaye alikuwa mstari wa mbele kuanzisha kampuni ya kwanza ya umeme Tokyo, na kiwanda cha balbu ambacho ni mzizi mmoja wa Toshiba. Kijana aliyeiona taa ikiwaka kwa betri dakika chache ndiye aliyekuja kuwasha mji.

Wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 1879, walikuwa 23. Mwaka uliofuata 11 kati yao walipelekwa Uingereza kuendelea na masomo, na waliporudi walikalia viti vya walimu wao wa kigeni. Tatsuno Kingo, wa usanifu, ndiye aliyebuni jengo la stesheni ya Tokyo lililofunguliwa mwaka 1914. Takamine Jokichi, wa kemia, ndiye aliyekuja kuitenga adrenalini, ile homoni ya mwilini. Shida Rinzaburo, wa telegrafu, alisoma Glasgow kwa William Thomson, yule tunayemjua kama Kelvin. Darasa moja hilo.

Lakini ukitaka kumjua Dyer, mtazame mwanafunzi aliyemaliza mwaka 1883, wakati Dyer mwenyewe alikuwa ameshaondoka Japani. Jina lake Tanabe Sakuro. Kyoto ilikuwa mji mkuu wa kifalme kwa zaidi ya miaka elfu moja, kisha mfalme akahamia Tokyo na mji ukaanza kunyauka. Mkuu wa mkoa alitaka kuleta maji ya ziwa Biwa mpaka Kyoto kwa mfereji, kupitia chini ya milima. Tanabe aliuchukua mfereji huo kuwa kazi yake ya kumalizia masomo. Akaenda mwenyewe kupima milima. Huko akaumia kidole cha mkono wa kulia, na jeraha halikupona upesi. Andiko lake la mwisho na michoro akavimaliza kwa mkono wa kushoto. Mkuu wa mkoa alipoyaona mawazo yale alimwajiri, na Tanabe, akiwa na miaka 21, akapewa kazi yenyewe.

Ujenzi ulianza mwaka 1885. Handaki refu kuliko yote lilikuwa na zaidi ya kilomita 2, na ili kuongeza sehemu za kuchimbia walichimba kisima wima kutoka juu ya mlima mpaka usawa wa handaki, wachimbaji wakaanza kwenda pande zote mbili kutoka chini. Sisi wa nchi ya migodi tunajua maana ya kuteremka kisima cha namna hiyo, na maji yakiingia. Watu walikufa. Tanabe baadaye aliwajengea mnara wa kumbukumbu kwa fedha zake mwenyewe, na mimi kwa hilo namheshimu kuliko kwa hesabu zake.

Mpango wa kwanza ulikuwa maji yakifika Kyoto yazungushe magurudumu ya viwanda. Kazi ikiwa imefika katikati, mwaka 1888, Tanabe alisafiri Marekani kutazama, na huko Aspen, mji wa migodi ya fedha, akaona maji yakizungusha mtambo wa umeme. Akarudi, akayaweka kando magurudumu ya mto na kuandika upya sehemu ile ya mradi. Mfereji ulifunguliwa mwaka 1890. Mwaka 1891 kituo cha umeme cha Keage kikaanza kazi, cha kwanza Japani kuuza umeme wa maji kwa watu. Mwaka 1895 Kyoto ikawa na tramu ya umeme kabla ya Tokyo. Kijana aliyeelimishwa nusu darasani, nusu kazini, hakuiabudu karatasi yake ya kwanza. Aliona kitu kipya, akajua ni cha kweli, akabadili.

Utaniuliza: na sisi? Swali hilo linauma na sitalikwepa. Shaba ya Katanga ilikuwa ikiyeyushwa na wazee wetu karne nyingi kabla ya kampuni yoyote. Ile misalaba ya shaba unayoiona kwenye makumbusho ya mji ni kazi ya mikono yao, kwa udongo, makaa na mifuko ya kupulizia hewa. Tanuru la kisasa la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Chuo kikuu kikafunguliwa hapa mjini mwaka 1956. Hesabu: miaka 45 kati ya shaba ya kwanza na chuo. Japani ilifungua reli yake ya kwanza mwaka 1872, na mwaka uliofuata Dyer alikuwa kazini. Katika ile miaka 45 baba zetu na babu zetu walifundishwa kazi, na waliijua vizuri sana, lakini walifundishwa kipande kimoja kimoja, mtu wa tanuru asijue ya maabara, mtu wa treni asijue ya michoro. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa kama hii. Aliyepanga hivyo alijua anachokipanga, kama Dyer naye alivyojua cha kwake. Dyer alikuwa mgeni aliyeajiriwa ili mgeni asihitajike tena, na aliifanya kazi hiyo kwa moyo mweupe. Baada ya miaka 9, mwaka 1882, aliondoka, na chuo hakikutikisika. Mwaka 1886 kiliunganishwa na chuo kikuu cha Tokyo kuwa kitivo cha uhandisi, wakati ambapo vyuo vikuu vingi vya Ulaya bado viliona uhandisi ni kazi ya nje ya ukuta wao. Kwa jumla mainjinia 211 walitoka mikononi mwa chuo kile kabla ya kuunganishwa. Unaona idadi ilivyo ndogo? Mtihani mmoja wa kuingia mwaka wa kwanza hapa mjini unajaza watu zaidi ya hao.

Jambo moja sitaki nikufiche kwa kuwa wewe ni binti. Katika wahandisi hao 211 hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Chuo cha Anderson, kule Dyer alikosoma usiku, kiliwaruhusu wanawake wasikilize masomo tangu siku zake za mwanzo, na Dyer alilijua hilo. Chuo alichokiandika melini hakikuwa na nafasi yao upande wa uhandisi. Hapo wewe, kwa kukaa tu kwenye benchi lako, uko mbele ya mpango wake.

Na yeye mwenyewe? Aliporudi Glasgow aliomba kiti cha uprofesa katika chuo kikuu alichosoma, hakupewa. Mtu aliyekuwa ameongoza chuo kizima, nyumbani hakuonekana anatosha kiti kimoja. Angeweza kukaa na uchungu. Akageukia chuo chake cha zamani cha usiku: kilipounganishwa na vingine kuwa chuo cha ufundi cha Glasgow, akawa mmoja wa magavana wake mpaka mwisho wa maisha, na baadhi ya alichokijaribu Tokyo akakipandikiza huko. Chuo hicho leo ni Chuo Kikuu cha Strathclyde. Vijana wa Kijapani waliokuja Glasgow kusoma walipata kwake nyumba ya kubisha hodi, na alipigania mpaka mwaka 1901 chuo kikuu kikakubali Kijapani kiwe lugha ya mtihani wa kuingilia. Alifariki Septemba 1918.

Sasa turudi kwenye atelie yenu. Kuijaza mashine si kazi yako, ni kazi ya wakubwa wa chuo, na muwasumbue kwa adabu bila kuchoka. Lakini kupanga mwaka wako mwenyewe unaweza kuanza Jumamosi hii. Hapo Kenya, nyuma ya soko, kuna mafundi wa bobinaji, wanaosuka upya waya za mota zilizoungua. Nenda na mzazi au mwenzako mara ya kwanza, salimia vizuri, sema wewe ni mwanafunzi na umekuja kufagia na kutazama. Usianze kwa kusema unachokijua. Utaona fundi akifungua mota ya pampu au ya kinu cha mahindi, akitoa rota, ile sehemu inayozunguka, akibaki na stata, ile isiyozunguka, imeungua inanuka. Kabla ya kukata waya wa zamani anahesabu. Mwombe uhesabu naye. Andika daftarini: mifereji ya stata ni mingapi, koili inaingia mfereji wa kwanza na kutokea wa ngapi, kila koili ina mizunguko mingapi, na unene wa waya akishaupima kwa mikromita. Andika pia maneno yaliyo kwenye kibao cha mota, hasa mizunguko kwa dakika.

Kisha rudi nyumbani na ufanye hesabu ambayo fundi haifanyi. Umeme wetu ni wa hezi 50. Zidisha 50 kwa 120, gawanya kwa idadi ya ncha za sumaku. Kwa ncha 4 utapata 1,500. Kibao kitakuwa kimeandika pungufu kidogo, labda 1,440. Jiulize ile 60 imekwenda wapi. Ukishaielewa, siku nyingine mweleze fundi kwa lugha ya kwake, naye atakueleza kwa nini aliongeza karatasi mbili za kuhami kwenye mfereji mmoja badala ya moja, jambo ambalo mimi nilifundisha miaka kumi bila kulijua.

Na ukiwa pale uutazame waya wenyewe, ule mwekundu unaong'aa kwenye gurudumu lake. Bamba za shaba zinatoka hapa kwa malori, zinapita mpakani Kasumbalesa, zinavuka bahari, na zinarudi kwetu zikiwa waya wa kununuliwa kwa kilo. Muulize fundi kilo moja anainunua bei gani. Iandike nayo daftarini, chini ya mizunguko.

Ukishajaza kurasa mbili niandikie tena, uniletee namba zako zote, hata zile unazodhani umekosea. Tutazifanyia hesabu pamoja.